Kelele Kwenye Redio ya Baba

Baba yangu Garama alikuwa mtu mgumu kuishi naye, na sitaki mtu anisomee sifa za uongo juu yake eti kwa sababu ameshafariki. Alikuwa na mdomo. Asubuhi alikosana na kuku, mchana alikosana na mimi, na jioni, akiwa hana tena wa kukosana naye, alikaa mbele ya redio akabishana na mtangazaji. Nilirudi kwake nilipoachana na mume wangu kule Kilifi. Siku ya kwanza aliniuliza kama nimekuja kukaa au nimekuja kumhesabia vijiko. Nikamwambia nimekuja kukaa, na hivyo vijiko ni vya Mzungu wa Shella, kila mtu anajua. Akacheka mpaka akakohoa. Tukaishi hivyo.

Kwetu ni nyuma ya Barani, ukiacha lami ya Malindi ukaingia kwenye mihogo na mikorosho. Baba alikuwa mtunza bustani wa Mzungu huyo wa Shella tangu nikiwa mdogo. Mzungu alipouza nyumba na kurudi kwao, alimwachia redio ya mezani, ile ya stirio, nzito, uso wake wa rangi ya fedha na mshale mwekundu unaotembea kwenye namba, pamoja na spika mbili za mbao. Baba aliifuta vumbi kila siku, tena kwa kanga zangu.

Hakuwa na haja na muziki. Alichokuwa akisikiliza ni matangazo ya vifo. Mgiriama hakosi hanga, yaani matanga ya mwenzake. Unaweza kukosa harusi, ukakosa na ubatizo, watu wakakusamehe. Lakini mwenzako akizikwa nawe hukutokea, hilo litasemwa mpaka nawe uzikwe. Simu baba hakuitaka, alisema inawapa wajinga nafasi ya kumpigia. Kwa hiyo jioni ikifika alifungulia redio, akainamisha kichwa, na majina yakipita alikuwa akisema, "Huyo namjua," au, "Huyo alichelewa."

Halafu redio ikaanza kelele. Mwanzo ilikuwa mkwaruzo mdogo chini ya sauti ya mtangazaji. Baadaye ikawa kama samaki anakaangwa mle ndani, na nyuma yake mngurumo usiokatika. Jina la marehemu ulisikia, la kijiji hukusikia. Au ulisikia siku ya maziko, marehemu mwenyewe humjui ni nani. Baba akapandisha waya wa eriali juu ya mti mrefu aliousimika uani. Akauhamisha. Akaugeuza kuelekea Malindi, akaugeuza kuelekea Kilifi. Kelele pale pale.

Katika siku hizo za kelele alikufa Mwambire, aliyekuwa mpishi katika nyumba ile ile ya Shella, rafiki yake wa kula sahani moja. Kifo chake kilitangazwa, na baba hakusikia. Tulipata habari Mwambire ameshazikwa na watu wametawanyika. Sijawahi kumwona baba akilia, na siku hiyo pia hakulia. Alikwenda nyuma ya nyumba akapiga shina la mkorosho kwa fimbo mpaka fimbo ikavunjika. Wana wa Mwambire wakasema waliyotaka kusema. Mzee mvi kichwa kizima, haji kumzika rafiki yake, anaogopa nini kaburini pale?

Mtu wa huku kwetu anajua maneno kama hayo yanakoelekea. Siku hizi mvi ni kesi. Mtoto akiumwa, ng'ombe akifa, kijana akikosa kazi, watatafuta mzee wa kumsingizia uchawi. Wameuawa wengi, mchana kweupe, na wengine waliobaki wamehama makwao. Mimi hasira ilikuwa inanijaa kila nikisikia, lakini nilidhani ni mambo ya kwa watu wengine.

Nikamwita Nahashon, fundi wa redio mwenye kibanda Barani. Ni mtu wa bara, mpole, anayezungumza na redio zaidi kuliko na watu. Aliifungua ile redio, akapuliza vumbi, akasafisha vifungo, akaibeba mpaka kibandani kwake. Kule ikaimba safi. Akairudisha, akaiwasha kwetu, samaki wakaanza kukaangwa. Basi akazima stima ya nyumba nzima, akatoa redio yake ndogo ya betri, akaiweka pale ambapo hakuna stesheni. Ikakwaruza vile vile.

"Redio yenu ni mzima, mzee," akasema. "Na kelele haitoki kwa nyumba yenu pia. Iko mahali hapa karibu waya umelegea na unatema cheche. Hiyo cheche ndiyo inaingia kwa redio. Chukua hii ndogo utembee nayo pole pole. Ukisikia inapiga kelele zaidi, unakaribia. Ikikuumiza masikio, umefika."

Angetembea mwenyewe, lakini baba alikuwa ameshamwambia kwamba mafundi wa bara hufungua kitu kizima ili wakirudishe kibovu, na Nahashon akakumbuka kuwa ana wateja.

Jioni hiyo hiyo, jua likiwa bado juu ya minazi, baba alitoka na ile redio ndogo ameishikilia sikioni. Nilimfuata kwa nyuma kwa sababu nilijua atagombana na mtu. Alizunguka nyumba ya kwanza, akazunguka ya pili. Alikwenda hatua moja, akasimama, akafumba macho, akageuka. Watu walimsalimia, "Shikamoo, mzee," na hakujibu, kwa kuwa alikuwa anasikiliza. Mimi ndiye niliyekuwa nikiitikia nyuma yake kwa aibu. Nikaona mama mmoja anamvuta mtoto wake ndani. Mzee anayezunguka nyumba za watu magharibi inakaribia, hasalimii, midomo inacheza. Nilimwambia, "Baba, itika salamu." Akaniambia ninyamaze, ninamchanganya.

Redio ilimpeleka mpaka kwa Kazungu. Kazungu ni mtoto wa marehemu kaka yake baba, kwa hiyo ni ndugu yangu, na shamba letu na lake limegawanywa na mstari wa mihogo tu. Alikuwa na mke, Pola, na mtoto wao mmoja, Linet, aliyekuwa ameanza shule mwaka huo. Nyuma ya nyumba yao kulikuwa na jiko la mabati, na mle jikoni Kazungu alikuwa ameweka friji la kugandisha barafu na juisi za kuuza. Baba alipofika kwenye ukuta wa jiko, redio ililia mpaka mimi niliyekuwa mbali nikaziba masikio. Nikaangalia juu. Waya ulitoka kwenye nguzo ya stima ya njiani, ukapita katikati ya matawi, ukaja kushuka kwenye paa la jiko, umeungwa kwa kitambaa na karatasi ya nailoni. Mita hakuna. Alikuwa amejivutia mwenyewe.

Kazungu akatoka. Pola naye alikuwa mlangoni, na Linet amemshika sketi.

"Baba mdogo, wazunguka nyumba yangu watafuta nini?"

"Ukuta wako huu una kitu kibaya," baba akasema, redio ikilia mkononi. "Kiondoe. Usipokiondoa kitaua mtu humu."

Ndivyo alivyosema, kwa sauti ya kugomba, mbele ya Pola na majirani waliokuwa wamesogea kutazama. Hakutaja waya wala stima. Baba hakuwa na mazoea ya kueleza. Yeye akisema, umeelewa au hukuelewa shauri yako. Akageuka akaenda zake.

Mimi nikabaki. Nikamvuta Kazungu pembeni ya mihogo, tukiwa wawili, kwa sababu sikutaka kumwaibisha mbele ya mkewe. "Ndugu yangu, ni waya wako. Umelegea pale juu ya bati. Fundi amesema unatema cheche. Mvua ikinyesha, jiko lote lile litakuwa na stima. Uondoe leo."

"Kesho nitamwita mtu."

"Leo, Kazungu. Chukua mti mkavu uuangushe huo waya."

"Na barafu yangu?" akasema. "Nimekusikia, Kadzo. Nenda."

Usiku huo mvua ilinyesha.

Asubuhi nilikuwa nakoroga uji nilipomsikia Pola. Sina maneno ya kuieleza sauti ile na sitajaribu. Baba alinipita mbio, mtu ambaye siku nyingine alihitaji kusukumwa kuinuka kitini. Alikuwa ameshajua. Tulipofika, Linet alikuwa amesimama akiwa amegandamana na ukuta wa jiko, kiganja kimoja kwenye bati, sare ya shule mwilini, anatetemeka bila kutoa sauti. Pola alikuwa anamrukia na baba akamkamata nywele akamtupa chini. Nasema alimtupa, kwa nguvu, kichwa kikagonga ardhi. Halafu akanyakua mchi wa mbao uliokuwa umeegemezwa kibarazani, akampiga nao mtoto mkononi, mara ya kwanza, mara ya pili, mpaka mkono ukabanduka na mtoto akaanguka. Kiganja kilikuwa cheusi. Baba akapiga magoti akampulizia mdomoni, akamsukuma kifua, akapuliza tena. Linet alikuwa ameshaondoka.

Sasa fikiria walichoona majirani waliofika wakati ule. Walimwona mzee aliyeizunguka nyumba jana. Walimwona amembwaga mama wa mtoto, amempiga mtoto kwa mchi, na sasa amemwinamia mdomo kwa mdomo. Nilianza kusema, "Ni stima, msiguse bati," na sauti yangu ikapotea katika vilio. Nilimtafuta Kazungu kwa macho. Alikuwa amesimama nyuma ya wote na uso wake haukuwa na damu. Akaja, akamnyanyua mtoto wake, akasema kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia, "Jana alisema. Alikuja hapa akasema kitaua mtu."

Nikamkodolea macho. Hakunitazama.

Kisha nikaona anafanya jambo jingine. Watu walipoingia na mwili nyumbani, Kazungu alikata matawi ya miiba akayapanga mbele ya ukuta wa jiko toka pembe hadi pembe. Aliyemuuliza alimjibu kwamba hapo pana fingo, dude limefukiwa, mtu asikanyage. Kwenda kuuangusha waya mbele ya waombolezaji hakuweza, angekuwa ameungama. Kuuacha bila kinga aliogopa atakufa mwingine. Kwa hiyo aliweka miiba, na uchawi ukakaa mahali pa waya. Niliowaambia habari za waya waliniona binti anayemtetea baba yake tu.

Nilimwambia baba tuondoke. Nilimwambia twende Malindi mjini, tulale hata kituo cha polisi. Alikataa. Alikaa kwenye kiti chake karibu na redio, akasema, "Nikikimbia nimekubali. Nami sitakosa hanga la mjukuu wa ndugu yangu."

Walikuja mchana. Waliowaongoza ni vijana wa pikipiki, na mbele kabisa alikuwa Simeon, rafiki wa Kazungu, kijana niliyemjua tangu anapangusa kamasi kwa mkono. Wengine walikuwa na mapanga, wengine mawe, na mmoja alikuwa amevaa tairi begani. Nilisimama mlangoni na mwiko wa ugali, nilichokuwa nacho mkononi. Simeon akaniambia, "Dada Kadzo, toka. Hatuna neno nawe." Nikampiga mwiko wa mdomo. Meno mawili yakamtoka akayatema, wakanisukuma wakanikanyaga wakaingia.

Walianza na redio. Mmoja aliinyanyua akaiponda sakafuni, wakazikata spika kwa mapanga. Kwa nini waliogopa spika mimi sijui. Wengine waliung'oa mti wa eriali, wakaukata waya vipande. Wakapiga kelele kwamba hizo ndizo nyaya zake za kuwatuma majini. Baba alisema, "Nyinyi ni wapumbavu," na huo ndio ulikuwa utetezi wake. Panga likampata sikioni. Wakamvuta kwa shati, shati likachanika, wakamvuta kwa miguu. Kichwa chake kiligonga kizingiti na ngazi na mizizi ya mkorosho. Jiwe likamvunja mkono, nilisikia ukivunjika. Nilimrukia mmoja nikamng'ata shingoni mpaka nikaonja damu yake, akaninyonga, akaniachia aliponikumbuka, maana tulisoma naye. Aliniambia, "Kadzo, we, ni babako lakini ni mchawi," akilia, na akarudi kupiga.

Hawakummaliza pale. Mtu anayesemwa kuwa ametega kitu, kwetu, hulazimishwa kwanza akitegue mwenyewe, kwa mikono yake, mbele ya watu; wakimuua kabla hajakitoa, kitaendelea kula waliobaki. Ndiyo desturi waliyoifuata. Wakamburura kupitia mihogo hadi kwa Kazungu, waombolezaji wakafungua njia, mpaka kwenye ile miiba.

"Toa fingo lako," Simeon akasema, damu ikimchuruzika kidevuni. "Weka mikono ukutani ulitoe."

Nikaelewa kabla ya baba. Ardhi ilikuwa na maji ya mvua. Waya ulikuwa juu pale pale, na kwa ndani nilisikia friji likinguruma. Wanamsukuma baba yangu kwenye kile kilichomuua Linet, naye akishika tu, ameisha, na kila mtu atasema uchawi umemrudia mwenyewe. Nikamtazama Kazungu. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha wafiwa, hatua chache tu, ameangalia vidole vyake vya miguu. Alikuwa anangoja. Nilimchukia kuliko wenye mapanga.

"Sigusi," baba akasema. "Nyinyi mmelewa. Huo ukuta una stima."

"Anaogopa dude lake mwenyewe," mtu akasema, na kundi likanguruma. Wakamsukuma. Alishika miiba kwa mkono wake mzima akang'ang'ania, damu ikatoka kiganjani. Wakampiga teke mbavuni ili aachie.

"Aguse Kazungu kwanza," nikasema. Sikupiga kelele, lakini waliokuwa karibu walisikia. "Ni nyumba yake. Ni mtoto wake. Kama ni fingo la baba halitamdhuru mwenye nyumba, mganga yeyote atawaambia. Aje aguse bati, halafu mtuue mimi na baba."

Macho yakamgeukia Kazungu. Akasema, "Mimi ni mfiwa. Sitacheza na mambo ya wachawi."

"Umeambiwa uguse tu," nikamwambia.

"Nimesema mimi ni mfiwa."

Wengine walitikisa kichwa kumkubalia. Nilikuwa nimeshindwa. Simeon akamwinua baba kwa kwapa akaanza kumpeleka, akipiga hatua juu ya matawi ya miiba kwa viatu vyake vya raba.

Pola ndiye aliyetoka ndani. Alikuwa na kanga ya msiba kichwani, paji la uso limevimba pale baba alipombwaga. Alipita katikati ya wanaume bila kumtazama yeyote. "Mwacheni," akasema. "Kama kipo nitakitoa mimi. Kimeshamchukua mwanangu, hakina kingine cha kunifanya." Alikuwa peku. Akakanyaga miiba bila hata kukunja uso, akanyoosha mkono kwenye bati.

"Pola, usiguse. Kuna stima."

Ni Kazungu. Alikuwa amesimama, kiti kimeanguka nyuma yake, mikono miwili mbele.

Mkono wa Pola ulisimama karibu na ukuta kabisa. Nilisikia friji, na nilisikia baba anavyovuta pumzi kwa taabu. Pola aligeuka pole pole.

"Umejua lini?"

Kazungu aliinua macho akautazama waya.

"Baba Linet. Umejua lini?"

"Jana," akasema. "Kadzo aliniambia jana."

Watu waliotoka nyumbani kwao na mapanga hawakurudi na hasira zao mfukoni. Yule mwenye tairi ndiye aliyeanza, alimpiga nalo Kazungu usoni, na wote wakafuata. Wakamwangusha kwenye tope lile lile. Walimpiga kuliko walivyompiga baba, kwa sababu sasa walikuwa wanapiga na aibu yao. Nilitaka wamuue. Nilisimama hapo nikataka kwa moyo wote, na ningeokota jiwe kama mikono yangu isingekuwa imemshika baba kichwa.

Baba alikuwa anasema kitu. Nikainama. "Stima," akasema. "Waangushe waya kwanza, watagusa." Alikuwa amevunjika mkono na mbavu, sikio moja limening'inia, na bado alikuwa anawagombeza juu ya waya.

Mzee mmoja wa waombolezaji akatafuta mti mkavu akauangusha ule waya. Friji likanyamaza. Pola akaingia katikati ya wapigaji na wakampisha, wakidhani anakuja kupiga na yeye. Alimtazama mumewe chini, jicho moja limefumba, vidole vimekwenda kombo.

"Inatosha," akawaambia. "Nataka awe na nguvu za kuchimba. Hakuna atakayemshikia jembe. Kaburi la mwanangu atalichimba peke yake, nami nitakaa nimtazame."

Wakamwacha. Panga moja moja likaanguka chini, na watu wakaanza kutazamana kama watu waliozinduka njiani.

Pikipiki iliyokuwa karibu ilikuwa ya Simeon. Aliileta mwenyewe, bila kuambiwa, midomo imevimba. Tukampandisha baba katikati, kifua chake juu ya mgongo wa Simeon, na mimi nyuma nikiwashika wote wawili. Damu ya baba ililowesha shati la Simeon mpaka ikapita ikafika kwake mwilini. Njia ilikuwa tope na alikwepa mashimo kwa uangalifu ambao ulinikasirisha.

"Anapumua, dada?"

"Anapumua. Endesha."

Nilikuwa nimeweka kiganja changu ubavuni mwa baba. Kabla hatujafika Barani, aliinua kichwa kidogo, akasema, "Huyu kijana hajui kuendesha," na akakilaza tena begani kwa Simeon. Ubavu ukapanda, ukashuka. Ukapanda. Nikangoja ushuke, na ulishuka kwa muda mrefu sana, halafu haukupanda. Nikamshika kwa nguvu zaidi asiteleze.

"Dada Kadzo, bado anapumua?"

"Anapumua," nikamwambia. "Ongeza mwendo."

Akaongeza. Tukapita vibanda vya Barani, watu wakisimama kutazama, tukaingia lami, tukashika njia ya mjini. Aliuliza tena, na tena, na kila mara nilimjibu hivyo hivyo. Alianza kuzungumza na baba. Alimwambia, "Vumilia, mzee, tumefika. Nisamehe, mzee. Tumefika." Upepo uliniletea machozi yake usoni, nami sikuyapangusa.

Kwenye mlango wa hospitali alizima pikipiki. Nilishuka mimi kwanza, nikasimama kando, mikono nyuma.

"Mbebe wewe," nikamwambia.

Akageuka akamchukua mikononi, kwa upole, mkono mmoja chini ya shingo na mwingine chini ya magoti. Kichwa cha baba kikaanguka nyuma, na Simeon akaona macho.

"Tangu wapi?" akaniuliza.

"Tangu kabla ya Barani."

Wauguzi walikuwa wametoka na kitanda cha magurudumu, wakamwambia amlaze. Hakuwasikia. Alibaki pale mlangoni amembeba baba yangu, ananitazama nimwambie amweke wapi.